Aliyekataa theluthi ya mshahara, akapima umeme ndani ya miti

MKULIMA wa Kilolo, mkoani Iringa, akipanda misindano au mikaratusi anajua kwamba fedha yake inaingia ardhini na itakaa huko miaka mingi kabla hajaiona tena. Miaka yote hiyo mti umesimama kimya. Ukipata kiu hausemi, ukiliwa na wadudu hausemi. Mwenye shamba hugundua majani yakishageuka rangi, na hapo hasara imekwishaingia.

Yupo mwanasayansi aliyetumia zaidi ya miaka 30 kutafuta namna ya kuutoa mti katika ukimya huo. Hakutumia dawa wala uganga. Alitumia waya mbili, chombo cha kupimia umeme mdogo sana, na uvumilivu ambao wenzake wengi hawakuwa nao. Huyo ni Jagadish Chandra Bose wa Bengal, India, aliyezaliwa Novemba 30, 1858 na kufariki Novemba 23, 1937.

Wasomi humtaja zaidi kwa kazi yake ya mawimbi ya redio. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hata hivyo, habari zake zinaanzia mahali panapofahamika zaidi: nyumba iliyoelemewa na deni.

Deni la baba

Bose alizaliwa Mymensingh, eneo ambalo leo ni Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa hakimu katika serikali ya kikoloni ya Waingereza, na kwa muda alifanya kazi Faridpur, mji wa mito na mashamba. Enzi hizo mtumishi wa serikali mwenye cheo kama chake alimpeleka mtoto moja kwa moja shule ya Kiingereza. Mzee huyu alifanya kinyume. Alimpeleka mwanawe shule ya Kibengali, akakaa pamoja na mtoto wa mvuvi na mtoto wa mtumishi wa baba yake, akisikiliza habari zao za samaki, ndege na mimea ya majini. Aliyekuwa akimsindikiza shuleni alikuwa jambazi wa zamani ambaye hakimu huyo huyo alimfunga. Jambazi alipotoka gerezani akakosa kazi, hakimu akamwajiri nyumbani kwake.

Mzee alikuwa na moyo wa kuanzisha miradi. Homa ilipoua watu wengi wilayani Burdwan, alifungua karakana za kuwafundisha yatima ufundi. Aliingiza fedha katika kilimo, katika chai ya Assam na katika kampuni ya kufuma nguo. Chai hailipi haraka, jambo ambalo wakulima wa Mufindi na Njombe hawahitaji kuambiwa. Miradi mingine ilikufa kabisa. Riba iliendelea kukua, afya ya mzee ikaharibika, na mtu aliyewasaidia wengi akabaki anadaiwa na wengi.

Kijana alisoma Calcutta, mji unaoitwa Kolkata siku hizi, katika Chuo cha St. Xavier's. Huko padri mmoja Mjesuiti, Eugène Lafont, alimfundisha fizikia kwa majaribio ya macho badala ya kukariri. Mwaka 1880 alikwenda Uingereza kusomea udaktari, lakini homa aliyotoka nayo India ilimrudia mara kwa mara na chumba cha kupasulia maiti kikamshinda. Akahamia Cambridge kusoma sayansi, na mwaka 1884 akapata shahada zake.

Miaka mitatu bila mshahara

Aliporudi mwaka 1885, Bose aliajiriwa kufundisha fizikia Presidency College, Calcutta. Sheria ya siku hizo ilikuwa kwamba mwalimu Mhindi analipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Kwa kuwa ajira yake iliitwa ya muda, hata hizo theluthi mbili zilikatwa nusu. Hivyo alibakiwa na theluthi moja.

Bose hakuacha kazi wala hakuandamana. Aliingia darasani kila siku na kufundisha vizuri, ila kila mshahara ulipoletwa alikataa kuupokea. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu. Ikumbukwe kwamba nyumbani kulikuwa na deni, na mwaka 1887 alikuwa ameoa. Mke wake, Abala, alikuwa msichana msomi aliyewahi kuanza masomo ya udaktari Madras. Calcutta ilikuwa ghali, wakapanga nje ya mji, ng'ambo ya mto. Bwana alivuka kwa mtumbwi kwenda kazini, na bibi akaurudisha mtumbwi nyumbani.

Mwishowe wakuu wa elimu walikubali. Ajira yake ilithibitishwa, na akalipwa mshahara kamili kwa miaka yote mitatu kwa mkupuo. Fedha hizo, rupia zile zile ambazo enzi hizo zilitumika pia Zanzibar na katika pwani yetu, hazikujenga nyumba. Zilikwenda kwa wadai. Ardhi ya ukoo ilikuwa imeuzwa, mali ya mama nayo ikauzwa, na kilichosalia kijana akakilipa kutoka mfukoni mwake hadi deni likaisha. Wazazi wake hawakuishi muda mrefu baada ya hapo, lakini walikufa bila kudaiwa.

Chuo hakikuwa na maabara ya maana. Bose alipata chumba kidogo karibu na bafu, akamchukua fundi bati asiyekuwa na elimu ya sayansi, na wawili hao wakaanza kutengeneza vyombo. Kwa vyombo hivyo, mwaka 1895, Bose alirusha mawimbi ya umeme yasiyoonekana kupita kwenye ukuta mbele ya wakubwa wa Calcutta. Upande wa pili kengele ikalia na baruti ikalipuka. Mawimbi yake yalikuwa mafupi mno, mengine ya milimita tano, ya jamii ile ile inayotumika leo katika rada na mawasiliano.

Hapa kuna jambo ambalo mfanyabiashara yeyote atalisikitikia. Guglielmo Marconi, kijana wa Italia, alikata hataza ya simu isiyo na waya mwaka 1896 na kujenga kampuni. Bose alifuatwa mwaka 1901 na tajiri wa kampuni ya simu za maandishi akiwa na fomu ya hataza mkononi, akamkatalia. Aliona maarifa si mali ya kufungiwa. Rafiki yake Mmarekani, Bibi Sara Bull, alimsukuma hadi ombi likapelekwa Marekani, na Machi 1904 hataza ikatoka kwa jina la Bose. Yeye akaiacha ilale mpaka muda wake ukaisha. Mwaka 1909 Marconi alipata Tuzo ya Nobel, na hadi leo wapo wanahistoria wa redio wanaohoji ni kiasi gani cha kifaa cha kupokelea mawimbi kilichotumiwa na Marconi kilitoka kwa Bose. Kwamba uamuzi ule ulikuwa wa heshima hakuna anayebisha. Kwamba ulikuwa wa busara ni suala jingine, maana baadaye Bose alihangaika kutafuta fedha za kujengea taasisi yake.

Kutoka redio hadi kabichi

Aliingiaje kwenye mimea? Kwa kuchoka kwa chombo. Aliona kwamba kifaa chake cha kupokelea mawimbi kikitumika muda mrefu kinalegea, na kikipumzishwa kinapata nguvu tena, kama msuli wa mtu aliyebeba mzigo. Akajiuliza kama mmea nao unaonyesha uchovu wa namna hiyo, na kama unaweza kupimwa.

Kwamba baadhi ya mimea ina umeme lilikuwa jambo lililojulikana. Mwaka 1873 Mwingereza John Burdon-Sanderson alikuwa ameupima katika mmea unaonasa wadudu. Lakini huo ni mmea wa ajabu, unaofunga majani kama mtego. Wengine waliridhika na kifauongo, ule mmea ambao watoto huugusa ili waone majani yakisinyaa. Bose aliingia sokoni. Alipima mashina ya koliflawa, figili, tanipu na majani ya miti ya kawaida, vitu ambavyo hakuna aliyedhani vina hisia yoyote.

Njia yenyewe si ngumu kueleza. Unagusisha waya katika sehemu mbili za jani au shina, kwa kutumia uzi uliolowekwa maji ya chumvi ili chuma chenyewe kisiuchome mmea. Mmea ukiwa umetulia, sehemu zote mbili ziko sawa na chombo hakionyeshi kitu. Ukibana au kugonga upande mmoja, umeme wa upande ule hubadilika ghafla, kisha hurudi taratibu. Badiliko ni dogo sana, makumi machache ya sehemu za elfu za volti, kwa hiyo Bose alitumia kioo kidogo kinachozunguka na kurusha doa la mwanga ukutani, ili mcheo usioonekana uwe mkubwa wa kuonekana na wote waliomo chumbani. Akimpa mmea dawa ya usingizi, mwitikio ulififia. Hewa safi ikirudi, nao ukarudi. Akiuchemsha, doa halikusogea tena hata ukigongwa vipi.

Juni 1901 alipeleka matokeo yake mbele ya Royal Society, baraza kuu la wanasayansi mjini London. Burdon-Sanderson mwenyewe, aliyekuwa mzee na mwenye sauti kubwa katika fani hiyo, alipinga kwamba mimea ya kawaida inaweza kujibu kwa umeme, na hakupendezwa na mtu wa fizikia kuingia shamba la wengine. Karatasi ya Bose haikuchapishwa. Alibaki Uingereza, akarudia majaribio, na mwaka 1902 chama kingine cha wasomi wa mimea, Linnean Society, kikaichapisha kazi hiyo. Mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hilo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vyombo. Mafundi wa Calcutta walimtengenezea kalamu za kuandika mwitikio wa mmea kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya sekunde, na baadaye kreskografu, chombo kinachokuza mwendo wa ukuaji hadi mara milioni 10. Kwa chombo hicho mtu aliweza kukaa dakika chache na kuona kama mbolea fulani inauharakisha mmea au inauchoma. Mkulima hupata jibu hilo baada ya msimu mzima. Wazungu wengine hawakuamini, na mwaka 1920 kulikuwa na mabishano magazetini London hadi Bose akakionyesha chombo hicho mbele ya wataalamu, nao wakatia saini kwamba kinafanya kazi. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ile ile.

Mtende uliosujudu

Kisa kinachopendwa zaidi na wanaosimulia maisha yake kilitokea Faridpur, mji alikolelewa. Kulikuwa na mtende ulioinamishwa na dhoruba. Watu waliona kwamba jioni, kengele za hekalu zikilia, mtende unalala kama anayesujudu, na asubuhi unainuka. Wakaanza kuuletea sadaka na kuombea wagonjwa.

Bose hakuwacheka. Aliomba ruhusa ya kufunga chombo cha kuandika mwendo wa mti. Mwenye mti akasita, akiogopa vyombo vya kigeni vitaunajisi. Aliposikia kwamba vimetengenezwa India kwa mikono ya mafundi wa nyumbani, alikubali. Karatasi ilionyesha kwamba mtende ulikuwa ukienda saa zote 24, si jioni tu. Uliinuka katika baridi ya asubuhi, ukashuka kadiri joto lilivyozidi, na waumini walipofika waliukuta tayari umelala. Kengele hazikuhusika.

Kisa hicho kinaonyesha uzuri wake. Kilichofuata kinaonyesha mipaka yake. Bose alitaka kujua maji hupandaje hadi kileleni mwa mti mrefu. Mwenyeji wa Kilolo anayegema ulanzi ameliona swali hilo kwa macho: ukikata ncha ya mwanzi mchanga wakati wa mvua, maji yanadondoka usiku na mchana, na hakuna pampu inayoonekana. Bose alichomeka waya mwembamba uliofunikwa kwa kioo, akauingiza ndani ya shina hatua kwa hatua, akipima umeme kila hatua. Katika tabaka moja la ndani ya gome aliona umeme ukipanda na kushuka kama mapigo. Mwaka 1923 akaandika kwamba tabaka hilo lina chembe hai zinazodunda na kuyasukuma maji, mithili ya moyo.

Wataalamu wengi hawakumfuata, na sayansi ya leo iko upande wao. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walikuwa wameeleza kwamba maji katika mti mrefu huvutwa kutoka juu: majani yanapopoteza mvuke, uzi wa maji uliounganika hadi mizizini huvutwa kupanda. Mizizi nayo huweza kusukuma kidogo kutoka chini, hasa ardhi ikiwa imelowa, na ndiyo maana mwanzi au shina lililokatwa huendelea kutoa maji. Umeme alioupima Bose ulikuwepo kweli. Maana aliyoupa ndiyo iliyokosea.

Katika jambo kubwa zaidi, hata hivyo, muda umempa haki. Mwaka 1992 watafiti walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya miche ya nyanya. Jani moja likijeruhiwa, ishara ya umeme husafiri hadi majani mengine, nayo yakaanza kutengeneza kinga inayowavuruga wadudu tumboni. Mkulima wa Ilula ambaye viwavi wameanza kutafuna nyanya zake upande mmoja ajue kwamba mmea wenyewe umekwishapeleka habari upande wa pili kabla yeye hajafika dukani kununua dawa.

Mita ya fundi redio

Kazi ya kupima miti haikufa na Bose. Kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20, Profesa Harold Saxton Burr wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliacha waya kwenye miti hai na kuandika volti zake mfululizo, ingawa madai yake kuhusu mwezi na miti hayajakubalika. Mwaka 2008 watafiti wa MIT, pia Marekani, walipima mti wa jamii ya mkuyu uliooteshwa ndani ya chungu, wakakuta tofauti ya hadi milivolti 200 kati ya mti na udongo. Sababu waliyoieleza ni tofauti ya uchachu kati ya maji ya ndani ya mti na udongo. Nia ilikuwa kuendesha vipimo vidogo vya joto na unyevu msituni, ili moto ukianza habari itoke mapema. Kwa mwenye ekari za misindano Kilolo, ambako kiangazi moto wa kusafisha shamba la jirani unaweza kumaliza akiba ya miaka 10 kwa mchana mmoja, hiyo si habari ya mbali.

Umeme huo hauwashi taa. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, sawa na miti minane ya namna hiyo, na miti haiwezi kuunganishwa mmoja baada ya mwingine kama betri kwa sababu yote imesimama juu ya udongo mmoja. Mkondo wenyewe ni mdogo mno. Atakayekuja kijijini akiuza mashine ya kuvuna umeme wa miti kwa ajili ya kumulika nyumba anauza kitu kingine.

Anayetaka kuona alichokiona Bose anaweza kutumia mita ya kawaida ya fundi redio, ile yenye alama ya 200m upande wa volti za betri. Misumari miwili ya chuma cha aina moja, mmoja kwenye mti na mmoja kwenye udongo wenye unyevu, inatosha. Ukichanganya shaba na chuma utapata namba kubwa na utafurahi bure, maana hapo umetengeneza betri ya metali mbili, kama watoto wanavyofanya kwa limau, na mti hauhusiki. Usitumie mti unaotarajia kuuza mbao zake. Tundu ni mlango wa magonjwa, na msumari uliosahaulika huvunja meno ya msumeno.

Bose alistaafu ualimu mwaka 1915. Mwaka 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua Bose Institute mjini Calcutta kwa akiba yake na michango ya marafiki, na akatangaza kwamba taasisi hiyo haitakata hataza kwa uvumbuzi wake. Mwaka huo serikali ya Uingereza ikampa cheo cha Sir. Alifia Giridih, mji mdogo alikokuwa akipumzikia, ikiwa imebaki wiki moja afikishe miaka 79. Abala aliishi hadi 1951, akiendesha shule za wasichana na za wajane. Taasisi ingali inafanya utafiti, na katika jumba lake la makumbusho vimehifadhiwa vyombo vya kupimia miti, vingi vikiwa kazi ya mafundi wa Calcutta.